Kitenzi "get": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mbona "get" ina maana nyingi hivi? Mtu aanzie wapi?

Usianze na kamusi. Kamusi kubwa zitakupa maana kwa makumi, na atakayezikariri moja moja atachoka kabla hajafika katikati. Anza na wazo moja: "get" ni kuingia katika hali, siyo kuwa ndani ya hali hiyo. Kuwa ndani ni kazi ya "be", "have" na "know".

"She has a cold" ni ana mafua. "She got a cold" ni ameshikwa na mafua. "He is angry" ni amekasirika. "He is getting angry" ni hasira zinampanda. "They are married" ni mume na mke. "They are getting married" ni harusi inakuja. Mtu akikuambia "I am married on Saturday" akimaanisha ndoa inafungwa Jumamosi, msikilizaji atashangaa: siku nyingine je? "I'm getting married on Saturday" ndiyo sentensi yake.

Baada ya wazo hilo, tazama neno linalofuata, kwa sababu ndilo linaloamua. Ikifuata nomino, "get" ni kupata, kupokea, kununua au kuchukua. Kikifuata kivumishi, ni kugeuka kuwa. Pakifuata mahali, ni kufika. Akifuata mtu kisha "to" na kitenzi, ni kumfanya au kumshawishi atende. Yakifuata majina mawili pamoja, yaani mpewa na kitu anachopewa, "get" hufanya kazi ya viambishi vyetu vya kutendea: "get me a chair" ni niletee kiti, "I got her a present" ni nilimnunulia zawadi, "get him a doctor" ni mtafutie daktari.

Si ni "pata" tu?

Mara nyingi ndiyo, na hapo ndipo mtego ulipo. "Pata" na "get" hukutana kwenye kazi, barua, ujumbe, nafasi, ruhusa, alama za mtihani, mimba na nafuu: "get a job", "get a letter", "get a chance", "get permission", "get pregnant", "get better". Mtu akishazoea hivyo, anaibeba "get" hadi mahali ambapo Kiingereza kina kitenzi kingine.

Kupata ajali ni "have an accident". Ukisema "get an accident" utaeleweka, lakini utasikika mgeni. Kupata mtoto, kwa maana ya kuzaa, ni "have a baby". "Get a baby" inaelekea kwenye kumtoa mtoto mahali fulani na kumleta nyumbani. Kupata hasara ni "make a loss", kupata faida ni "make a profit". Kupata usingizi inategemea: ukilala saa za kutosha ni "get some sleep", ila ukishindwa kupata usingizi ni "I couldn't get to sleep" au "I couldn't fall asleep". Kupata chakula, tunavyomkaribisha mtu kwa adabu, ni "have something to eat".

Kwenye simu ndiko makosa yanakojaa. "Sikupati vizuri" huzaa "I'm not getting you", wakati mwenye lugha angesema "I can't hear you" au "you're breaking up". "Nilimtafuta sikumpata" ni "I couldn't get hold of him" au "I couldn't get through to him". Ya kwanza ni kutompata mtu kwa njia yoyote, ya pili ni simu kutoingia. Na lile swali la "unanipata?" halifai kuwa "are you getting me?". "Get" yenye maana ya kuelewa haipendi "-ing". Sema "do you get me?" kwa rafiki, "is that clear?" au "does that make sense?" kwa wengine.

"Sijapata kumwona" ni "I never got to see him"?

Hapana, na tofauti yake inaweza kuleta kutoelewana kwa kweli. "Sijapata kumwona" kwa Kiswahili ni kwamba tangu nizaliwe sijawahi kumwona: "I have never seen him". "I never got to see him" ni kwamba nilitaka kumwona, pengine nilipanga, lakini nafasi haikutokea. Ndani ya "get to" yenye kitenzi mna bahati au ruhusa. "She got to meet the director" ni alibahatika kukutana na mkurugenzi. "Why does he get to sit in front?" ni mbona yeye anaruhusiwa kukaa mbele, na kijiwivu kimo humo.

Vitenzi vichache vya fikra na hisia haviifuati kanuni hii. "Get to know" ni kufahamiana pole pole, "get to like" ni kuja kupenda. Hapo Kiswahili cha "wakapata kujuana" kinalingana kabisa.

Neno hili limetoka wapi?

Kwa Waskandinavia. Waliovamia na kisha kuhamia mashariki na kaskazini mwa Uingereza kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 walizungumza Kinorsi cha Kale, na kitenzi chao "geta" kilikuwa na maana za kupata, kufikia, kuzaa na hata kukisia. Kiingereza kikakichukua katika Zama za Kati, kama kilivyochukua "take", "they", "egg" na "sky".

Kiingereza chenyewe kilikuwa na ndugu wa neno hilo, lakini ndugu huyo hakutembea peke yake. Alibebwa na viambishi. "Forgietan" ndiyo "forget" ya leo, kwa maana ya asili ya kupoteza kile ulichokishika. "Begietan" ndiyo "beget". Herufi "g" katika maneno hayo ya kale ilitamkwa kama "y" yetu ya "yai", mabadiliko yaleyale yaliyofanya "gestern" ya Kijerumani ilingane na "yesterday" ya Kiingereza. Kinorsi hakikulainisha "g" yake, na matamshi ya Kinorsi yakashinda. Kama yangeshindwa, leo kitenzi hiki kingesikika kama "yet", neno ambalo tayari lina kazi yake.

Ukirudi nyuma zaidi, mzizi wake una maana ya kushika, na ni mzizi uleule uliozaa "prehendere" ya Kilatini. Kutoka Kilatini Kiingereza kilipata "comprehend" na "apprehend". Kwa hiyo "I get it" ya mtaani na "I comprehend" ya profesa ni binamu, na zote mbili zinasema "nimelishika".

"Got" au "gotten"?

Wakati uliopita ni "got" kila mahali. Ugomvi uko kwenye umbo linalofuata "have". Uingereza husema "have got"; Marekani na Kanada husema "have gotten" kwa maana nyingi. Wengi hudhani "gotten" ni uvumbuzi wa Wamarekani. Ni kinyume chake: ni umbo la zamani ambalo Waingereza waliliacha na Wamarekani wakabaki nalo. Hata Uingereza mabaki yapo, katika "forgotten", "begotten" na "ill-gotten", yaani mali ya haramu. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina hata wakati uliopita "gat" na "begat", ambao umekufa.

Wamarekani hawatumii "gotten" ovyo. Wanatenganisha vitu viwili: "I've got a ticket" ni ninayo tiketi mkononi, "I've gotten a ticket" ni nimeshaipata, tendo limefanyika. Kwenye wajibu pia: "I've got to go" ni lazima niondoke, "I've gotten to go" ni nimewahi kupata nafasi ya kwenda. Mwingereza ana umbo moja kwa yote, hivyo muktadha unamsaidia.

Chagua upande mmoja ukae nao. Andiko lenye "has got worse" katika aya moja na "has gotten worse" katika inayofuata litarudishwa na mhariri yeyote makini.

"I have" na "I have got" zina tofauti gani?

Kwa maana ya kumiliki, hakuna tofauti ya maana. "Have got" ni ya mazungumzo zaidi na husikika sana Uingereza. Kinachobadilika ni sarufi inayoizunguka.

Swali la "have got" hujengwa kwa "have": "Have you got a pen?", na jibu ni "Yes, I have", bila "got". Swali la "have" tupu hujengwa kwa "do": "Do you have a pen?", "Yes, I do." Kosa la kawaida ni kuchanganya mikondo hiyo: "Do you have got a pen?" haipo popote.

Pia "have got" ni ya wakati uliopo. Nilikuwa na gari ni "I had a car". "I had got a car" itasomwa kwamba nilikuwa nimeshapata gari kabla ya jambo lingine kutokea. Na haitumiki kwa mazoea: nina somo kila Jumatatu ni "I have a class every Monday", wala haitumiki kwa matendo kama kuoga: "I have a shower", siyo "I have got a shower", ambayo ni taarifa kwamba bafu lipo.

Lini niseme "get", lini "become"?

Kabla ya kivumishi cha kawaida katika mazungumzo, "get" ndiyo ya asili: "get tired", "get dark", "get old", "it's getting late". "Become" ni ya maandishi mazito.

Kabla ya nomino, "get" haifai kabisa, na hili ndilo kosa lenye hasara kubwa. "He became a doctor" ni alihitimu udaktari, akawa daktari. "He got a doctor" ni alimpata daktari wa kumtibu. Andika hivyo kwenye wasifu wako na historia yako yote ya kazi itageuka historia ya ugonjwa.

Kuna vivumishi vinavyotaka "go", hasa vya kuharibika na vya rangi: "go bad" kwa kitu kuoza, "go blind", "go mad", "go grey" kwa mvi. "Get bad" ipo, ila ni hali kuwa mbaya, siyo chakula kuoza.

"He was fired" na "he got fired": zote sawa?

Zote ni sahihi, zote ni kauli ya kutendwa. "Was" inaripoti. "Got" inaleta tukio karibu, mara nyingi likiwa la ghafla, la msiba au la bahati: "got robbed", "got hurt", "got caught", "got promoted". Ni lugha ya kusimulia, siyo ya ripoti ya polisi.

Inahitaji kitenzi cha tukio. "He was loved by everyone" haigeuki "he got loved by everyone", kwa sababu kupendwa kule ni hali inayodumu. Na kumbuka "get" hapa ni kitenzi kamili, kwa hiyo kinataka "do" katika swali na ukanushi: "Did he get fired?", "He didn't get paid." Maumbo kama "got he fired?" hayapo.

Kundi la "get dressed", "get lost", "get divorced", "get engaged" linafanana na kutendwa lakini halina mtendaji wa nje: mtu amevaa mwenyewe, amepotea mwenyewe. Kwenye "get married" Kiswahili hutuchezea: kuoana na mtu kunatusukuma kusema "married with". Kiingereza kinasema "get married to", au "marry" bila kihusishi chochote: "she married him".

Nikitumia "get" kwa kumfanya mtu atende, "to" inakaa wapi?

Inakaa baada ya mtu: "I got him to sign." Kwa "make" na "have" haikai: "I made him sign", "I had him sign." Sentensi tatu, hadithi tatu. "Made" ni nililazimisha. "Had" ni nilimwagiza, na kusaini ni sehemu ya kazi yake. "Got" ni nilimshawishi, na kulikuwa na kibarua kabla hajakubali. Kiambishi chetu "-isha" katika "nilimsainisha" hakisemi ni ipi kati ya hizo, hivyo mfasiri lazima aamue mwenyewe.

Ukitaka kusema ulifanyiwa jambo na fundi au mtaalamu, mpangilio ni kitu kwanza, kisha kitenzi katika umbo lake la tatu: "I got my phone repaired", yaani nilitengenezewa simu. Mpangilio ukigeuka, "I got repaired my phone", sentensi imevunjika. Kwa Kiswahili tunasema "nimenyoa nywele" hata kama aliyenyoa ni kinyozi. Kwa Kiingereza "I cut my hair" humwelekeza msikilizaji kudhani mkasi ulikuwa mkononi mwako. "I got my hair cut" inaondoa utata. Hapo "cut" haibadiliki umbo, na ndiyo maana wengi hawaoni kwamba ni muundo uleule.

Muundo huohuo hubeba ajali pia: "he got his fingers caught in the door" ni alibanwa vidole na mlango. Hakuomba kubanwa; Kiingereza hakijali.

"Get to home" ni kosa?

Ndiyo. "Home", "here" na "there" hazitaki "to": "get home", "get here", "get there". Mahali pengine panataka: "get to the office", "get to the airport". "Reach" haitaki kihusishi popote, "arrive" inataka "at" au "in" na haitaki "to" kamwe.

Kwa vyombo vya usafiri, jiulize kama unaweza kusimama wima na kutembea ndani. Unaweza: "get on" na "get off", kwa basi, treni, ndege na meli. Huwezi, unajikunja kuingia: "get in" na "get out of", kwa gari dogo na teksi. Baiskeli, pikipiki na farasi, kwa kuwa unapanda juu yake, ni "on" na "off".

Na hizi za maneno mawili, "get over", "get by", "get away with"?

Ni nyingi, na wachache wanahitaji zote. Zinazorudi kila siku ni "get up", kuamka na kuinuka kitandani. "Get back", kurudi. "Get back to someone", kumrudia mtu na jibu. "Get on with" na "get along with", kuelewana. "Get by", kujikimu kwa kidogo. "Get away with", kufanya kosa bila kuadhibiwa. "Get out of", kukwepa wajibu. "Get rid of", kuondokana na kitu. "Get round to", kufikia hatimaye kazi uliyoiahirisha. "Get round to" kwa Mwingereza ni "get around to" kwa Mmarekani.

Linalosumbua ni mahali pa kuweka "it". "Get over it" ni lipite, lisahau, pona nalo. "Get it over with" ni limalize upesi lisiendelee kukukera. Ukimwambia aliyefiwa "get over it" umemtukana. Ukimwambia anayeogopa sindano "let's get it over with" umemfariji. "Get across", kwa maana ya kufikisha ujumbe, hutanguliza kiwakilishi: "I couldn't get it across to them." Jifunze kila moja pamoja na "it" ndani yake, uandike "get over it" na siyo "get over", na mahali pake patakaa kichwani bila kanuni.

Jirani mwingine wa kuchunga ni "get used to", kuzoea. Kinachofuata ni nomino au "-ing": "I got used to waking early." Ukiondoa "got", "I used to wake early" ni zamani nilikuwa naamka mapema, na sasa siamki. Neno moja limeondoka na maana imegeuka.

Itamkweje?

"G" ngumu ya "gari", "e" fupi, kisha "t" inayokatika bila irabu nyuma yake. Wengi tunaongeza "i" mwishoni, ikawa "geti", na msikilizaji anatafuta lango. "Gate" ya Kiingereza yenyewe ina irabu ndefu inayoteleza kuelekea "i", kwa hiyo ukikata "t" na kufupisha "e" umemaliza tatizo.

Kwa Mmarekani, "t" ikiwa kati ya irabu mbili hugeuka mpigo mmoja mwepesi wa ulimi, karibu sana na "r" yetu ya "kera". "Get it" husikika kama "gerit", "get up" kama "gerap". Hilo likikukaa sikioni, sinema zitaanza kueleweka bila maandishi ya chini. Kwa maandishi, "t" hurudiwa: "getting", "gotten".

Inafaa kwenye barua rasmi?

Siyo kosa la sarufi. Ni suala la vazi. Katika barua ya maombi au ripoti, "receive" hufaa kwa barua na malipo, "obtain" kwa kibali na matokeo, "become" kwa mabadiliko. Ila usibadilishe kwa upofu. "I received a job" ni mbaya kuliko "I got a job": kazi haipokelewi, kinachopokelewa ni "a job offer". Na "get up" haina mbadala wa heshima unaostahili kuandikwa.

"Got it", kwa maana ya nimeelewa, ni sawa kwa mwenzako. Kwa mkubwa wako andika "Understood" au "Noted, thank you".

Je, "gotta"?

Ni "got to" ilivyotamkwa haraka. Isikie, itamke ukipenda, iandike kwenye ujumbe kwa rafiki. Kwingine andika "have to" au "must".

Kuna misemo ya "get" ya kuepuka?

"Get lost!" kama amri siyo kupotea, ni "potelea mbali". "Get out!" ni kufukuza, ingawa kwa Wamarekani yaweza pia kuwa mshangao wa "acha bwana!", na sauti ndiyo inayotofautisha. "Get a life" ni dharau kwa mtu unayeona hana shughuli ya maana. "Get real" ni acha kuota ndoto za mchana. Kwa mtu usiyemzoea, hakuna hata moja inayofaa.